Skuta inayoruka wakati wa kuondoka: maswali ninayoulizwa kuhusu klachi ya otomatiki

Hapa gereji kwetu Mwanakwerekwe, Unguja, haipiti wiki ila mtu ataniletea skuta na neno lile lile: "Fundi, inaruka." Kasimama kwenye msongamano wa Darajani, njia imefunguka, kavuta mafuta kidogo, chombo kimya. Kaongeza kidogo, mara kinachomoka kama kilichosukumwa. Mwenye kuumia ni aliyekaa nyuma. Nimeona mama kapakata mtoto, mkono mmoja umemshika mtoto, mwengine umeshika baibui lisiingie kwenye gurudumu, na hana mkono wa tatu wa kujishikia. Kwa ajili ya huyo nimekaa kuyaandika majibu haya. Yanahusu skuta za mkanda, zile ambazo sisi tunaziita vespa zote, zikiwa zimetoka Italia, Japani, India au China.

Skuta yangu haina mkono wa klachi. Hiyo klachi yenyewe iko wapi?

Iko nyuma, upande wa kushoto, ndani ya kile kifuniko kirefu kinachotoka kwenye injini mpaka kwenye gurudumu. Upande wa mbele wa kifuniko, kwenye shafti ya injini, ipo puli ambayo mafundi tunaiita variata, na ndani yake mna rola, mara nyingi sita. Upande wa nyuma ipo puli ya pili. Mkanda wa mpira unazunguka baina ya mbili hizo. Klachi imekaa mgongoni mwa puli ya nyuma: viatu vitatu vyenye umbo la mwezi mchanga, vimebandikwa lainingi kama ya breki, vimeshikanishwa kwa springi ndogo tatu. Juu yake imefunikwa dramu ya chuma, mfano wa sufuria isiyo na mifuniko, na dramu hiyo ndiyo inayopeleka mwendo kwenye gia na gurudumu.

Injini ikiwa kwenye sailensa, yaani inanguruma na wewe hujagusa mafuta, viatu vinazunguka lakini springi zinavivuta ndani visiiguse dramu. Ukivuta mafuta, viatu vinataka kutoka nje, vinazishinda springi, vinaanza kusugua dramu, na chombo kinaondoka. Hapo pana jambo la kulishika vizuri, maana majibu mengi yaliyobaki yanarudi hapo: nguvu ya viatu kutoka nje haipandi sawa na mzunguko wa injini. Mzunguko ukiongezeka mara mbili, nguvu inakuwa mara nne. Ndiyo maana kiatu kilichochelewa kushika, kikija kushika kinashika kwa nguvu ya ghafla.

Mbona inatetema wakati wa kuondoka tu, na ikishakimbia inakuwa nzuri kabisa?

Kwa sababu klachi inateleza kwa muda mdogo tu, tangu viatu vinapoigusa dramu hadi vinapoing'ang'ania. Baada ya hapo viatu na dramu vinazunguka pamoja kama kitu kimoja, na hata zikiwa na ubaya hutausikia. Kwa hivyo mtetemo wa sekunde mbili za kuondoka ni wa klachi. Mtetemo unaobaki kwenye mwendo wa kilomita 40 au 50 kwa saa ni wa kitu chengine: tairi, beringi ya gurudumu, mkanda uliolika upande. Ukija kwangu, niambie unausikia lini. Hilo linanisaidia kuliko ukinitajia kifaa unachodhani kimekufa.

Nianze kutazama nini kabla sijafungua kitu?

Sailensa. Nasema hivi kila siku na bado watu wanaanza na kununua vifaa.

Skuta nyingi za cc 110 hadi 125 zinatakiwa zitulie kwenye mizunguko kama 1,500 hadi 1,900 kwa dakika, na klachi ianze kushika baina ya 2,500 na 3,500. Kitabu cha skuta yako kitakupa namba yake kamili. Kama sailensa imepandishwa mpaka ikakaribia pale klachi inaposhika, viatu vinaigusa dramu muda wote uliosimama. Vinapata moto, lainingi inang'aa, na ukiachia breki chombo kinajiendea chenyewe.

Alinijia mzee mmoja kutoka Makunduchi ambaye alikuwa kashauziwa klachi nzima mara mbili kwengine, na skuta bado inaruka. Niliisimamisha kwenye stendi kubwa, nikaiwasha, gurudumu la nyuma likazunguka kwa kasi hata kulishika kwa breki ya mkono ikawa kazi. Kumbe asubuhi injini ilikuwa inazimika kwa kukosa plagi nzuri, na mtu akaficha ugonjwa kwa kupandisha sailensa. Nilibadilisha plagi, nikasafisha kabureta, nikarudisha skrubu mahali pake. Viatu vilikuwa vipya lakini vishaungua, nikavipiga msasa. Alirudi kwao na klachi ile ile.

Jaribio hilo ulifanye na wewe. Injini ipate moto kwanza, safari ya dakika kumi. Iweke kwenye stendi kubwa. Gurudumu likizunguka polepole na ukiligusa kwa breki kidogo tu likasimama na kubaki limesimama, hiyo ni kawaida. Likipigana na breki, teremsha sailensa. Ila kama skuta yako ni ya sindano ya petroli yenye kompyuta, usiguse skrubu yoyote, sailensa yake inapangwa na kompyuta, na ikiwa juu basi pana tatizo jengine la kutafutwa.

Na kitu chengine hapo hapo: kabureta ikiwa na tundu dogo lililoziba, injini inasita unapoanza kuvuta mafuta, halafu inakurupuka. Mpanda skuta anahisi klachi imeruka. Klachi haina kosa.

Nikifungua kifuniko, nitajuaje klachi nzuri na mbaya?

Anza kwa pua. Kifuniko kikitoka tu, klachi iliyoungua utaisikia harufu, ni ile ile ya breki za daladala zilizoteremka mlima. Kisha toa nati ya dramu, ivute dramu nje, uende nayo kwenye mwanga wa mlango.

Itazame ndani, pale viatu vinaposugua. Dramu yenye afya ina rangi moja ya kijivu pande zote. Yenye taabu ina madoa ya buluu, mengine yanakwenda kwenye zambarau. Chuma hakigeuki buluu mpaka kifike karibu nyuzi 300, kwa hivyo ukiona doa moja la buluu jua pale pametokea moto mkubwa, na chuma cha pale hakisugui tena sawa na jirani yake. Kila dramu ikizunguka, kiatu kinapita mahali panapokamata na mahali panapoteleza. Huo ndio mtetemo unaouhisi kwenye makalio. Pitisha na kidole, taratibu, uhisi kama kuna mbonyeo au ukingo. Kwa skuta nyingi za ukubwa wa cc 125 kipenyo cha ndani ni milimita 125, na ikishafika 125.5 dramu haifai tena. Vernia, ile rula ya taya ya kupimia kipenyo, itakuonyesha, na ipime dramu sehemu tatu tofauti, kwa sababu dramu iliyopinda inaweza kuwa nzuri huku na mbaya kule.

Sasa viatu. Lainingi nzuri ni nyeusi au kahawia isiyong'aa, ukiikwaruza kwa ukucha inaacha unga. Iliyoiva kwa moto inang'aa kama sakafu iliyosuguliwa na ukucha unateleza juu yake. Tazama unene, ikibaki milimita 2 hivi kwa zile zinazoanza na 4, imekwisha. Tazama kama vyote vitatu vimelika sawa. Kimoja kikiwa kimelika zaidi, springi yake imelegea au imekatika, au pini kinayozungukia imeshika kutu.

Pini hizo, jamani. Hapa kwetu hewa ya bahari inaingia kila pahala, na pini ikishika kutu kiatu hakitoki taratibu: kinakwama, nguvu inajikusanya, kisha kinachomoka kwa ghafla. Nimeponya skuta nyingi kwa kutoa viatu, kusafisha pini kwa msasa laini, na kupaka grisi ya kuvumilia moto, kiasi cha kichwa cha kiberiti, si zaidi.

Naweza kupiga msasa mwenyewe?

Unaweza, ikiwa una subira. Chukua msasa namba 80 au 120. Kwenye dramu, sugua kwa mshazari, uende huku kisha urudi kule, mikwaruzo ikatane, mpaka mng'aro uondoke. Usisugue kwa kuzungusha pande zote kama unaosha sufuria, maana mistari ya duara haisaidii viatu kushika. Kwenye viatu, toa ule uso unaong'aa tu, na bonyeza sawa ncha zote mbili.

Ikiwa klachi inakamata kwa ghafla, ilainishe ile ncha ya lainingi inayotangulia kugusa dramu. Itoe kona kidogo, mteremko wa milimita chache tu, sawa kwa viatu vyote vitatu. Kona kali inajichimba kwenye dramu kabla kiatu kizima hakijatua. Nikiwa nimemaliza naifuta dramu kwa kitambaa chenye spiriti, na kuanzia hapo siigusi kwa ndani kwa mkono mtupu.

Siku mbili tatu za mwanzo ondoka polepole, viatu vipate kukaa na dramu yao.

Kwani ni lazima kuvaa kitambaa cha pua? Vumbi lenyewe dogo tu.

Ni lazima. Lainingi za zamani, na baadhi ya zile za bei rahisi, zinaweza kuwa na asbesto, na unyuzi wake ukishaingia kwenye mapafu hautoki. Usipulizie kwa kompresa, na usipulizie kwa mdomo. Futa kwa kitambaa kibichi, kisha kitie kitambaa kwenye mfuko na ukitupe. Vijana wanaojifunza kazi kwangu nawakatalia kabisa kupuliza, na watoto nawaondoa mlangoni. Vumbi hili halina harufu wala haliwashi, ndiyo maana watu wanalidharau.

Springi za klachi: ninunue laini au ngumu?

Hapa ndipo palipo na ushauri mwingi mbaya mitaani, kwa hivyo nitakaa kidogo.

Springi ngumu zinachelewesha klachi kushika. Injini inapanda hadi mzunguko wa juu, ndipo viatu vinatoka, na kwa ile hesabu ya mara mbili kuwa mara nne, vinatoka na nguvu. Vijana wa mashindano wanazipenda kwa hilo. Kwa mtu anayepeleka mtoto skuli, ni balaa. Springi laini zinafanya klachi ishike mapema, injini ikiwa bado chini, na kuondoka kunakuwa laini kama kusukumwa na mtu mwenye adabu. Ubaya wake ni kwamba zikiwa laini mno, klachi inashika wakati injini haijapata nguvu: chombo kinasinzia, kinaguguma, na ukiwa umepakia mtu mlimani kinaweza kuzimika.

Kwa hivyo ninachokitaka mimi ni springi za kiwandani, zilizo nzima, zote tatu za umri mmoja. Mara nyingi tatizo ni kuwa springi mbili ni za zamani na moja mpya ya rangi nyengine. Viatu viwili vinatangulia, cha tatu kinakuja baadaye, na chombo kinaruka mara mbili. Springi iliyopata moto sana nayo inalegea, hata ukiitazama kwa macho utaona ni nzima. Ziweke tatu juu ya meza kwa ubavu, zipange ncha kwa ncha. Iliyorefuka itajionyesha.

Rangi za springi zisikudanganye. Kila mtengenezaji ana rangi zake, njano ya huyu ni laini na njano ya yule ni ngumu. Muulize muuzaji namba, na akikosa kujua, nenda duka jengine.

Na badilisha kitu kimoja kwa wakati mmoja. Ukibadilisha springi, rola na mkanda kwa siku moja, ikipona hutajua kilichoponya, ikiharibika hutajua kilichoharibu.

Na rola nazo zinahusika?

Kidogo kwenye kuondoka, sana kwenye yale yanayofuata. Rola nzito zinaibana puli ya mbele mapema, chombo kinapanda gia haraka, injini inabaki chini na mwendo unakuwa mtulivu. Rola nyepesi zinaiacha injini ipige resi zaidi kabla ya kupanda. Anayelalamika kuwa skuta inaruka kwenye mwendo wa kilomita 15 au 20 kwa saa, baada ya klachi kushika tayari, huyo namfungulia variata. Nazikuta rola zimepata ubapa upande mmoja, hazibingiriki tena, zinaburutika na kukwama.

Ukinunua mpya, zipime. Jirani yangu ni sonara, na mizani yake ya dhahabu inasoma sehemu ya gramu. Siku moja nilimpelekea rola sita kutoka pakiti moja iliyoandikwa gramu 12, nne zilikuwa sawasawa, moja imezidi na moja imepungua kwa karibu nusu gramu. Tangu siku hiyo siifungi seti nisiyoipima. Ukitaka kubadilisha uzito, nenda gramu moja moja.

Ile springi kubwa ya puli ya nyuma je?

Hiyo inausukuma mkanda ukae juu kwenye puli ya nyuma na kuubana usiteleze. Haiamui klachi ishike lini. Ikichoka, mkanda unateleza. Ikiwa ngumu mno, injini inapiga kelele nyingi na mkanda unapata moto. Iache ya kiwandani. Na tafadhali, usifungue nati yake kubwa peke yako ukiwa umeishika kwa magoti: springi imebanwa, na nati ikitoka inaruka na kila kilicho juu yake. Bana kwa kibano, au muwe watu wawili, mmoja akandamize kwa uzito wa mwili na mwengine afungue.

Nimeangalia video za pikipiki za theluji za Canada, wanalainisha kuondoka kwa kubadilisha springi ya puli ya mbele. Nifanye hivyo?

Usifanye, ingawa swali ni zuri na nalipata kutoka kwa vijana wanaopenda kusoma.

Mashine hizo na skuta zetu ni ndugu. Mkanda na puli za kupanuka vimo kote, na hata gari ndogo ya DAF ya Uholanzi ilitoka na mfumo wa aina hiyo mwaka 1958. Lakini kwenye mashine ya theluji hakuna viatu wala dramu. Puli ya mbele yenyewe ndiyo klachi. Injini ikiwa kwenye sailensa, nyuso mbili za puli ziko mbali, na mkanda umelegea katikati bila ya kubanwa. Springi kubwa ndani ya puli inazitenganisha. Ukivuta mafuta, vyuma vyenye uzito vinafunguka, vinaishinda springi, puli inaubana mkanda, na mashine inaondoka, nyingi kwenye mizunguko 3,000 hadi 4,000 hivi na za mbio juu zaidi. Kwa hivyo mtu wa Quebec huko Canada anayetaka kuondoka kwa ulaini anaweka springi ya mbele iliyo dhaifu zaidi wakati wa kuanza, anasafisha puli, na anahakikisha mkanda una upana na mkazo sahihi. Yuko sawa kabisa, kwa mashine yake.

Skuta yako mkanda wake umebanwa wakati wote na kuondoka kunaamuliwa nyuma, kwenye viatu. Ukihangaika mbele kwa tatizo la nyuma utamaliza pesa. Na yale ya kubadilisha uzito kwa sababu ya milima mirefu yenye hewa nyembamba hayatuhusu, sisi tuko usawa wa bahari.

Lakini moja lao lichukue: usafi wa puli. Nyuso za puli zisiwe na mafuta wala weusi wa mpira. Na jengine wanalolifanya nalipenda: piga mstari wa kalamu nene kwenye uso wa puli, kutoka katikati hadi ukingoni, panda chombo, kisha ufungue. Pale mstari ulipofutika ndipo mkanda unapofika. Unasoma safari ya mkanda kwa macho yako.

Vespa ya zamani ya gia za mkononi, bodaboda, bajaji?

Hizo klachi zake ni sahani nyingi zilizomo ndani ya mafuta, zinaendeshwa kwa mkono na waya. Tazama urefu wa waya, aina ya mafuta na uchakavu wa sahani. Yaliyomo humu hayazihusu.

Niko Pemba, kwetu ni vilima tu. Nikilainisha klachi si nitashindwa kupanda?

Ami yangu yuko Wete na skuta yake nimeifunga mimi, kwa hivyo nalijua swali hili. Ukitoka bandarini Mkoani tu unapanda, na njia za ndani za kuelekea Wete na Konde hazina tambarare ndefu. Mtu wa Pemba asiweke springi laini kuliko za kiwandani. Abaki na za kiwandani, na kama chombo kinasinzia kwenye kupanda, apunguze rola kwa gramu moja kwanza. Injini itapata resi ya kupandia, na kuondoka hakutabadilika sana. Ikiwa bado inasinzia pale pale pa kuondokea mlimani na mtu nyuma, hapo ndipo tunapanda daraja moja la springi.

Na kuna tabia ya kuiacha: kusimama mlimani kwa kuvuta mafuta kidogo badala ya kushika breki. Chombo kinaning'inia juu ya klachi inayoteleza, na dakika moja ya hivyo inatosha kuipaka dramu buluu. Shika breki. Ukiondoka, achia breki na vuta mafuta pamoja, mara moja, bila ya kuchezacheza.

Nakodisha skuta kwa wageni Paje. Klachi zinakufa kila msimu.

Wageni wengi wanashika breki huku wakivuta mafuta kwa woga, na wengine wanaingia nayo ufukweni. Waonyeshe dakika tano kabla ya kuwapa ufunguo, wazunguke uwanjani mbele yako. Kisha fungua kifuniko kila unapobadilisha mafuta ya injini mara ya pili, ufute vumbi na utazame lainingi. Ni kazi ya nusu saa. Skuta inayoruka mkononi mwa mgeni asiyeijua inaweza kumpeleka chini ya gari.

Fundi, nitie grisi ndani ya variata ili iteleze vizuri?

Mwaka wangu wa mwanzo kwenye kazi nilifanya hivyo kwa skuta ya mwalimu mmoja. Nilijaza grisi kwenye rola nikidhani namfanyia wema. Siku ya tatu akawa anapanda Kidichi na mkewe nyuma, grisi ikapata moto, ikatoka ikaupaka mkanda, na skuta ikaanza kurudi nyuma ikiwa inanguruma. Hawakuumia, alhamdulillahi, lakini sura ya yule mama aliponieleza siisahau.

Skuta nyingi rola zake zinafanya kazi kavu. Zipo chache ambazo kitabu kinataka grisi maalumu kwa kipimo chake, hizo fuata kitabu. Grisi ina pahala pake: kwenye pini za viatu, kidogo, na ndani ya puli ya nyuma kwenye mifereji yake, ambako pete za mpira zinaizuia isitoke. Pete hizo zikichanika, grisi inaingia kwenye viatu na klachi inakamata na kuachia ovyo. Kiatu kilicholowa mafuta hakisafishiki, kibadilishe.

Nimeweka mkanda mpya, sasa ndiyo inaruka zaidi.

Kwanza, je, ni mkanda wa namba ya skuta yako? Mrefu au mfupi kwa kidogo tu unabadilisha mahali unapokaa kwenye puli, na kuondoka kunabadilika. Mshale ukiwepo uelekee mzunguko unakokwenda.

Pili, na hili linaua injini: ulifungwa vipi? Kabla ya kukaza nati ya mbele, puli ya nyuma ifunguliwe kwa mikono na mkanda uzamishwe ndani yake, ili mbele ubaki na ulegevu. Fundi mwenye haraka anakaza mkanda ukiwa umebanwa baina ya nyuso za puli. Nati inaonekana imekaza, mashine ya upepo inalia, kumbe imekaza juu ya mpira. Ukiwasha, mkanda unasogea, nati inalegea, puli inaanza kucheza kwenye meno ya shafti na kuyatafuna. Dalili ya mwanzo ni mgongano mdogo wakati wa kuondoka. Ukikaza, zungusha kwa mkono na uhakikishe nyuso mbili zinazunguka pamoja na mkanda una uhuru. Kaza kwa spana yenye kipimo kama kitabu kinavyosema. Na usizuie puli kwa kuchomeka bisibisi kwenye mapezi ya feni, yanakatika.

Masika yakinikuta njiani na maji yakaingia?

Mkanda ukilowa unateleza: injini inapiga kelele na chombo hakiendi. Usilazimishe. Simama, subiri, ukifika fungua kifuniko, kausha, safisha puli kwa spiriti. Maji ya chumvi ni mabaya zaidi, hayo yaoshe kwa maji baridi siku ile ile kisha kausha, la sivyo ndani ya mwezi pini na springi zitakuwa nyekundu. Tazama pia sponji ya kuchuja hewa kama kifuniko chako kinayo. Mchanga wa Jambiani ni laini, unapita kila pahala.

Nitajuaje kuwa kazi imekwisha na imekwisha vizuri?

Mimi nafanya hivi, injini ikiwa na moto. Naondoka nyuma ya mtu anayetembea kwa miguu, nabaki nyuma yake kwa mwendo wake hatua ishirini, bila ya chombo kujivuta wala kusita. Nageuza duara dogo kwenye uwanja, mguu juu. Nasimama kwenye mwinuko, naachia breki, naondoka. Kisha namchukua mmoja wa vijana nyuma na narudia yote matatu, kwa sababu klachi yenye mtu mmoja na klachi yenye watu wawili hazisemi kitu kimoja.

Mwenye skuta wa kusini namwambia aipitishe kwenye matuta ya msitu wa Jozani, pale yalipowekwa kwa ajili ya kima punju wanaovuka. Kila tuta linataka usimame karibu kabisa kisha uondoke upya. Akishayamaliza yote na abiria wake hajamshika bega hata mara moja, hana haja ya kurudi kwangu.